Moto wa Chai

Mume wangu alipofariki aliniachia fuawe, nyundo mbili, na muhuri wa chuma wenye jani dogo. Kila kisu kilichotoka kwetu kiligongwa jani hilo karibu na mpini. Wauza nyama wa soko letu hawakuuliza kisu cha nani. Walisema tu, nipe cha jani. Yeye alikuwa akigonga, mimi nikisoma rangi ya moto na kutia matiko, yaani kukipa chuma ugumu wake, maana macho yake yalichoka mapema. Kwa hiyo alipoondoka, kazi haikuondoka naye. Nililomwomba Mungu kila alfajiri lilikuwa moja: nisiliaibishe jani.

Shida ilikuwa moshi. Tulifulia kwa mkaa, na majirani wapya walikuwa wakikohoa kwa makusudi kila nikipita. Ndipo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja na shauri la gesi. Huyu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea kaka yake. Ndiye aliyekuja kila baada ya sala ya alasiri kunisaidia kugonga. Aliposema mkaa umepitwa na wakati, nilimsikia kama marehemu mwenyewe anaongea.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la mitungi. Mwenye duka watu humwita Koki, na ulimi wake haufungiki kama koki zake. Alikuwa na matanuri mawili: moja refu lenye midomo miwili ya moto, jingine fupi la mdomo mmoja, kama pipa lililolazwa. Shemeji alivutwa na lile refu. Mimi niliinama nikachungulia ndani. Ile sufi nyeupe inayozuia joto, kwenye refu ilikuwa wazi, inatoa nyuzinyuzi. Kwenye fupi ilikuwa imepakwa udongo mgumu. Nikauliza nyuzi zile huenda wapi moto ukivuma. Koki akacheka, akasema huenda kifuani mwa mama mwenye maswali. Tukachukua fupi.

Nilidhani tumemaliza, kumbe kazi ndiyo kwanza. Koki aliweka mezani regyuleta mbili, hizo zinazokaa juu ya mtungi kupimia gesi.

"Hii nyeusi ni ya jikoni," alisema. "Inatoa gesi kwa adabu, kiasi kile kile siku zote. Ukifulia nayo, mama, huo ni moto wa chai."

Ya pili ilikuwa nyekundu, ina mkono wa kuzungusha na geji yenye mshale. Hiyo husukuma gesi kwa nguvu, ukaongeza au kupunguza kadiri chuma kinavyotaka. Aliifunga kwenye mtungi, akanionyesha kwamba nati za gesi hufungwa kinyume na nati nyingine, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ili gesi ikivuja ionekane, kisha akawasha. Tanuri likanguruma hadi vikopo vya rafuni vikatetemeka. Shemeji alikuwa ameshaanza kufungua boksi lenye regyuleta mpya ya aina hiyo. Nikasema nataka hii hii, japo kioo cha geji kina mkwaruzo. Niliyoisikia ikinguruma ni bora kuliko iliyo ndani ya boksi. Shemeji akatania kwamba ndiyo maana kaka yake hakuchelewa kunioa.

Vitu vilipitia kwake kwanza, kwa kuwa ana mashine ya kuchomelea na alitaka kutengeneza miguu ya tanuri. Alipovileta, regyuleta ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku cha bati, skrubu kila pembe. Alisema vumbi la chuma huua geji. Ameshaweka mshale mahali pake, mimi kazi yangu ni kufungua mtungi tu, nisiguse kingine, gesi si mkaa. Akaweka mkono juu ya kisanduku, akasema bismillahi, akaomba dua ya baraka. Nikaitikia amina kwa moyo wote.

Moto uliwaka, lakini haukunguruma. Ulinong'ona. Chuma kilifika wekundu wa damu iliyoganda, kikagoma hapo. Kando ya fuawe marehemu alining'iniza sumaku kwenye waya: chuma kikiwa tayari kwa matiko, sumaku haikishiki tena. Nikakigusisha. Sumaku ikakishika. Nikangoja, nikagusisha tena, ikang'ang'ania kama kupe.

Nilimwambia shemeji. Alisema tanuri bado bichi, gesi ina aibu ya mgeni, na mambo ya sumaku ni ya enzi za mkaa. Nilitaka tuache hadi tumuulize Koki. Akasema wauza nyama wamengoja vya kutosha, na ni kweli walikuwa wamengoja. Visu vilikuwa vimekwisha gongwa jani. Akavizima kwenye mafuta yeye mwenyewe, akaenda kuvitia mipini kwake, akavipeleka sokoni kabla sijavisugua kwa tupa kujaribu ugumu wake. Niliambiwa nisijisumbue. Mjane akiambiwa asijisumbue hushukuru kwanza.

Haukupita muda mrefu, muuza nyama wa kona akaja na kisu chake kimefungwa gazetini. Alikigonga kwenye mfupa mmoja tu, na makali yalikuwa yamejikunja kama ukingo wa kopo.

"Mama Visu, hiki ni kisu au kijiko?" aliuliza.

Akaongeza, kwa upole ambao uliuma zaidi, kwamba wenzake wanasema visu vya jani vinavyokata bado vipo, ila si vya kwangu. Sikumwelewa. Nilimwomba aniachie kisu, na alipotoka nikachukua bisibisi.

Ndani ya kisanduku hamkuwa na mshale wala mkono wa kuzungusha. Regyuleta iliyokuwamo ilikuwa nyeusi, ya jikoni, na ubavu mmoja umeyeyuka kidogo. Wa kwanza niliyemlaumu moyoni alikuwa Koki. Nilifunga mtungi, nikaing'oa mtungini, nikaifunika kwa mtandio, nikaelekea kwa shemeji ili twende pamoja tukamkabili mwizi dukani.

Nilimkuta mke wa shemeji uani, anapepea jiko la mkaa huku machozi yakimtoka. Tukasalimiana. Nilipofunua mtandio, akaacha kupepea.

"Dada, hii umeitoa wapi? Si ya jiko langu?" Akaigeuza. "Tazama, hapa ndipo nilipoiegemezea sufuria. Baba watoto aliniambia imekufa, ameitupa."

Tulitazamana. Nikasikia, nyuma ya nyumba, mngurumo ninaoujua. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mashine ya mteja. Amekatazwa kwenda huko, eti macho yataungua.

Nilizunguka nyumba. Tanuri lilikuwa lile refu la midomo miwili, sufi yake ingali wazi. Juu ya mtungi ilikaa regyuleta nyekundu yenye mkwaruzo kwenye kioo. Mezani visu vilipangwa vizuri, kila kimoja na jani lake. Jani la mume wangu lina kikonyo. Haya hayakuwa nacho.

Shemeji aliniona, akashusha koleo. Hakukana. Afadhali angekana.

"Shemeji, nilitaka uchoke mwenyewe, uache kwa heshima," alisema. "Jina la kaka likae kwa mwanamume. Moto si wa mwanamke."

"Uliomba dua," nikamwambia.

Akatazama chini.

"Mkono wako juu ya kisanduku. Mimi nikaitikia amina."

Nilifunga mtungi kama Koki alivyonifundisha, nikangoja moto unywe gesi iliyobaki kwenye mpira hadi ukazimika wenyewe. Nikachukua spana mezani, nikafungua nati upande wa kinyume. Alipiga hatua moja kunizuia. Mkewe alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, ameshika regyuleta yake nyeusi kifuani.

"Baba watoto," alisema, "mpishe dada."

Akapisha. Nikabeba regyuleta yangu, na muhuri wake wa uongo pia nikauchukua.

Nyumbani nilikitoa mpini kisu cha muuza nyama, nikanyoosha makali yake, nikafunga regyuleta, nikapaka sabuni, nikawasha. Tanuri likanguruma. Chuma kikapita wekundu ule mzito, kikawa kama ganda la chungwa lililoiva. Nikakigusisha kwenye sumaku, haikukishika. Nikakizima kwenye mafuta, nikakirudisha kwenye joto dogo kisivunjike, kisha nikakitia tupa. Tupa iliteleza kama kwenye kioo. Wa kona akapata kisu chake, na nikamwambia awaambie wenzake: jani la kweli lina kikonyo.

Kesho yake, baada ya alasiri, nilijikuta nimeitoa nyundo ya pili na kuiweka pale shemeji alipozoea kuikuta. Hata maji yake ya kunywa nilikuwa nimeshateka. Nikayamwaga, nikairudisha nyundo ukutani. Kisha nikaomba dua kabla ya kuwasha, na amina nikaisema mwenyewe.