Mafuta ya Nazi Kichwani mwa Zuena

Mstari ulionyooka kwenye kompyuta una maana gani: kwamba ubongo umetulia, au kwamba chombo hakisikii kitu? Shamsia aliutazama, kisha akakagua nyaya moja moja.

Chombo hicho cha kupimia mawimbi ya ubongo alikiunda mwenyewe chuoni kwa mwaka mzima: saketi ya bei rahisi, betri za tochi, vijisahani vya kubandika kichwani vilivyofuliwa kwa bangili kuukuu ya fedha, na uji wa muhogo uliokolezwa chumvi badala ya jeli ya dukani ya kupitishia umeme. Alikuwa amekileta kijijini Mtawanya kwa ajili ya Zuena, binti wa baba yake mkubwa, aliyekuwa na kifafa tangu utotoni. Harusi ilikuwa Ijumaa, na wakwe walitaka kuhakikishiwa kwamba amepona.

“Mbona kimya, mhandisi wetu?” aliuliza baba mkubwa Abdulatifu, akiwa mlangoni. “Tusomee.”

“Mstari umenyooka tu, baba mkubwa.”

“Alhamdulillahi. Basi kichwa kimetulia. Vile vidonge vya nini tena? Mke wa kumeza dawa kila alfajiri ataitwa mgonjwa.” Akatoka kwenda kuwapa watu habari.

Bi Mwanasiti, somo aliyekuwa akimfunda Zuena kwa ajili ya ndoa, alicheka. “Na mimi je, sina changu katika sifa hizi? Tangu asubuhi namsinga kwa mafuta ya nazi. Mwali haonwi na mgeni akiwa mkavu kama kuni.”

“Umemsinga hadi kichwani, bibi?”

“Kichwa ndicho cha kwanza. Nazi tatu zimeishia humo.”

Shamsia alibandua kijisahani kimoja kichwani mwa Zuena. Uji ulikuwa umeteleza juu ya mafuta, ukatambaa mpaka kwa kijisahani jirani, na wa jirani hadi kwa mwenzake. Vilikuwa vikisikilizana vyenyewe kwa vyenyewe, si ubongo.

Zuena alimwona, akamshika mkono. “Dada, acha hivyo hivyo,” alinong’ona. “Ijumaa si mbali.”

“Na ukianguka jikoni kwao, juu ya moto?”

Zuena aliuachia mkono ule, akageukia ukutani.

Uani vigelegele vilikwisha kuanza. Shamsia alizikunja nyaya zake. Nyumba nzima ilikuwa ikimsifu kwa kipimo ambacho hakikupima kitu. Kisha akatoka. Vigelegele vikafifia wanawake walipouona uso wake.

“Baba mkubwa, na nyote mliopo, nisikilizeni,” alisema. “Nimekosea. Chombo changu hakikuusikia ubongo wa Zuena, na hata kingeusikia, utulivu wa nusu saa haufuti kifafa. Zuena asiache dawa hata siku moja. Kwa wakwe nitakwenda mwenyewe leo hii, niwaambie kwa kinywa changu kwamba sikuthibitisha chochote.”