Karatasi Isiyo na Chaki

Kwa wiki tano fundi cherehani aliniletea karatasi safi kuliko za wateja wangu wote. Katika safu ya kwanza aliandika wazo lililomtia hofu, ya pili ushahidi wake, ya tatu wazo jingine linaloweza kuwa kweli. Mimi, mshauri nasaha wake, nilimsifu. Hata hivyo, kila jioni akishafunga duka aliendelea kurudi kutoka kituo cha basi, mara nne, mara tano, kuhakikisha kwamba pasi imezimwa.

Katika kikao cha sita alifuatana na wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye hushona naye dukani.

"Dada mshauri, mimi nimechoka," wifi alisema. "Mwisho wa mwezi akiwa bado anarudi, natafuta chumba changu cha kushonea. Kila siku ananiacha kituoni kama mzigo uliosahauliwa."

"Mzigo gani una mdomo hivyo?" fundi alijibu, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Niliitazama tena karatasi. Vidole vya fundi vilikuwa na chaki ya kushonea hadi kwenye kucha. Karatasi haikuwa na chaki wala mkunjo.

"Uliijaza lini?"

"Asubuhi ya leo. Zote huzijaza asubuhi ya kuja kwako. Nilitaka ziwe safi."

Kosa lilikuwa langu pia: nilikagua majibu, sikuuliza kama yaliandikwa palepale hofu ilipomshika. Nikamgeukia wifi. "Akikuuliza kuhusu pasi, unamjibuje?"

"Namwambia imezimwa. Akiuliza mara kumi, namjibu mara kumi. Nimwache alie?"

"Kuanzia sasa, usimjibu. Kila jibu humfanya aulize tena."

Kikao kilichofuata tulikifanyia dukani, saa ya kufunga. Fundi alichomoa waya wa pasi mara moja tu, akafunga mlango. Nilimpa kipande cha kitambaa cheusi.

"Kati ya mia, unaamini kwa kiasi gani kwamba duka litaungua?"

Akaandika kwa chaki: 90. Tukaenda kituoni, tukasimama.

"Wifi, imezimwa?" fundi aliuliza.

Wifi alifungua mdomo, akanitazama, akaufumba. Kisha akasema, "Leo mdomo umeshonwa. Tena kwa uzi wako."

Fundi alicheka. Basi la kwanza likapita, na la pili. Baada ya robo saa aliandika 80, baadaye 65. Hatukumtuliza. Alipoandika 35, alipanda basi la tatu pamoja na wifi.

Mazoezi ya jioni zilizofuata aliyafanya bila mimi. Mwisho wa mwezi alikuja peke yake. Wifi alikuwa amebaki dukani akimalizia suruali ya mteja wao. Fundi alitoa mfukoni kitambaa kilichokunjamana, tarakimu zimefutikafutika.

"Samahani, kimechafuka," alisema. "Na Jumatano nilirudi mara moja."

"Mara moja?"

"Moja. Nikaiandika hapohapo mlangoni."

Nilikisogeza kitambaa karibu na taa, tukaanza kukisoma kutoka Jumatano.