Picha za Mama Kwenye Faili Lililobanwa

Kila asubuhi ofisini nachemsha maji, nafuta kibodi kwa kitambaa, kisha napakua michoro ya nyumba ambayo wachoraji hututumia ikiwa imebanwa kwenye faili moja. Siku hiyo kikombe kilikuwa bado mkononi nilipoona jina la dada yangu. Kichwa cha ujumbe kilisema: Picha za mama. Chini yake faili lililobanwa, na nywila ya kulifungulia.

Hatujasemeshana tangu mazishi ya mama, miaka miwili sasa. Nilimwambia mbele za watu kwamba hospitali aliijua siku ya kuchukua maiti tu. Picha zote zilibaki kwake. Mimi sina hata moja.

Sikuhisi kitu. Nilikaa nikilitazama faili mpaka chai ikapoa.

Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Mzee Waya ingawa hajafika arobaini, alipita akaniuliza kama nilikuwa nalitarajia. Nikasema hapana. Akasema basi hata lingetoka kwa malaika halifunguliwi. Kwanza mtumaji apigiwe simu, kwa namba niliyokuwa nayo tangu zamani. Akalihamishia kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni, isiyounganishwa na mtandao, tuliyoibatiza Mahabusu. Huko tungesoma majina ya vilivyomo bila kufungua chochote.

Kilikuwemo kitu kimoja tu. Kilijiita picha, lakini mwisho wa jina lake ulikuwa wa programu.

"Huyu kavaa sare ya shule na ndevu anazo," akasema Mzee Waya, akalifuta faili lote. Kisha akanikumbusha simu: kuna mtu kaingia kwenye barua pepe ya dada yako, mwambie.

Namba yake bado ilikuwa kichwani. Alipokea upesi. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja: faili limetumwa kwa jina lake, abadilishe nywila ya barua pepe, awatahadharishe wengine. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Kila nilichosema alijibu "sawa" tu. Akauliza kama nilikuwa nimelifungua. Nikasema hapana.

"Haya, mdogo wangu. Ahsante kwa kunijulisha."

Nikasikia simu ikiondoka sikioni mwake.

"Dada, subiri," nikasema. "Sikukupigia kwa ajili ya nywila. Nilitaka picha ziwe zimetoka kwako."