Kioo Kipya Juu ya Ufa

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nilikuwa mjinga mwenye suti, digrii ya jiolojia na kipaza sauti mkononi, na mjinga wa aina hiyo ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu watu humpigia makofi.

Chama chetu cha wanajiolojia wa nyanda za chai kilikuwa kinatimiza miaka ishirini, na mimi Mogaka ndiye katibu wake. Mwenyekiti, Mathew Kipchirchir, aliamua tusisherehekee hotelini kama kawaida. Twende kule chama kilikoanzia, chini ya mteremko mmoja juu ya Mogogosiek, ambako majani chai yamepandwa mpaka mlangoni mwa watu. Asubuhi akanituma nitangulie.

"Hakikisha mahali ni safi," aliniambia. "Na uangalie vile vioo. Wageni watataka kupigwa picha navyo."

Vioo vyenyewe havikuwekwa kwa urembo. Pale juu kuna ufa mrefu ardhini, na waanzilishi wetu walisimamisha vigingi vya zege huku na huku, kisha wakaunganisha kila jozi kwa kipande cha kioo cha dirisha kilichoshikizwa na saruji. Mti ungepinda, waya ungevutika. Kioo hakina uvumilivu huo. Ardhi ikisogea kidogo tu, kinakatika, na anayepita anajua.

Nilikuta kimoja kimekatika.

Karibu yake kulikuwa na ndama amefungwa kwa kamba, akinitazama kama mtu aliyeshikwa na polisi. Nikamhukumu palepale bila kusikiza upande wake. Nilikuwa na vioo na saruji kwenye gari. Nikabandua kile kilichokatika, nikabandika kipya, nikakipangusa kwa leso mpaka nikajiona uso. Nilijipenda.

Nikishuka nilipitia kwa Rodah, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya ufa. Ni mkulima wa chai, na huwa tunataniana sana, yeye Mkipsigis na mimi Mkisii.

"Chamgei, Mogaka," alinisalimia. "Leo umevaa kama bwana harusi. Bibi ameshajua?"

"Nimekuja kukuposa wewe. Kiplangat yuko?"

"Yuko ndani anapigana na mlango. Imekataa kufunga tangu juzi. Tunasukuma na bega, wapi."

Kiplangat, mume wake, akatoa kichwa dirishani. "Katibu, ni fremu imekaa upande. Nyinyi watu wa mawe mnasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa mtu mwenye digrii kukanyaga breki. Nyumba ikikaa upande chini ya ufa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua aulize nini. Mimi nikasema, "Huo mlango umelishwa mursik, hayo maziwa yenu ya kibuyu, kupita kiasi. Upunguzieni, utaingia."

Wakacheka. Nikateremka kwenda hemani, bado nacheka.

Hema ilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye uwanja wa shule. Wageni wakaja na viatu vyao vyeupe, chai ikamiminwa, wanakijiji wakapewa viti vya nyuma. Rodah na Kiplangat walikuja pia, wakanywa chai, wakarudi kwao kujaribu mlango tena. Mwanachama wetu kijana, Chepkosgei, akachukua wageni wawili kwenda kuwaonyesha vioo. Nami nikaitwa mbele kusoma historia ya chama, niliyoiandika mwenyewe.

Ni historia nzuri kuisoma kwa sauti. Miaka ishirini iliyopita, msimu wa mvua ndefu, mteremko huu uliporomoka na kufunika nyumba zilizokuwa upande wa mashariki. Kwenye mazishi, wanajiolojia watatu waliosimama kaburini wakaanza kuongea polepole. Mmoja alikuwa wa visima, mmoja wa barabara, mmoja mwalimu wa chuo. Wakagundua kwamba wote watatu waliupita ule ufa wakauona. Kila mmoja alimwambia mkubwa wake, na kila mmoja akadhani watu wenyewe wameshaambiwa na mwingine. Mzee Amolo, yule wa visima, alilia mpaka akashikiliwa. Hapo ndipo walipoanzisha chama, si kwa ajili ya vyeti na chakula cha jioni. Walitaka mdomo mmoja ambao hauombi ruhusa ya mkubwa yeyote.

"Na kanuni yao ya kwanza," nilisoma, nikainua kidole kama mhubiri, "ni hii: kioo kikikatika, watu watoke kwanza, sisi tubishane baadaye."

Makofi. Mwenyekiti alinipigia akiwa amesimama.

Makofi hayajaisha, Chepkosgei akaingia kutoka nje. Alipita katikati ya viti akiwa ameinua mkono, na kwenye vidole vyake kulikuwa na saruji mbichi.

"Nani ameweka kioo kipya pale juu?"

Nikashusha kile kidole.

"Mimi," nilisema. "Ndama alivunja kile kingine."

"Ndama gani? Yule kamba yake haifiki kwenye kigingi. Nimeivuta mwenyewe."

Niliwahi kupigwa makofi na walimu, na maisha, na mwenye nyumba mmoja wa Sotik. Hakuna kofi lililonipata vizuri kama lile. Niliona mlango wa Rodah. Nilijiona nikicheka.

Mwenyekiti aliinuka taratibu, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Chepkosgei, mambo ya kitaalamu tutayaongea kwenye kamati. Keti unywe chai."

"Ufa umepanuka, mzee. Mkono wangu unaingia. Na chini ya nyumba ya kwanza kuna maji yanatoka mahali hayakuwa yakitoka. Hao watu watoke leo."

"Kwa kioo kimoja?"

"Kanuni haisemi vingapi. Imesomwa sasa hivi na ukapiga makofi."

"Kanuni iliandikwa zamani, kabla hatujapata mitambo. Tutaleta mitambo, tupime, tuandike ripoti, halafu tutoe tamko la chama. Hatuwezi kuvuruga watu siku kama hii. Kesho itasemekana nini? Kwamba tulifanya sherehe ya usalama kwenye mteremko unaotembea?"

"Itasemekana ukweli," Chepkosgei alisema. "Mzee, nikuulize. Hema ulichagua mwenyewe iwekwe wapi?"

"Hapa. Kuna nafasi."

"Nafasi iko hata kule chini ya mteremko, mbele ya kanisa lao. Ulivuka kijito na wageni wako kwa sababu moyo wako unajua jiolojia kuliko mdomo wako."

Mtu mmoja nyuma akasema "eh," basi. Mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa sababu katika kila ugomvi wa chama mimi ndiye huletwa kuchekesha watu mpaka wasahau.

"Katibu, waeleze wageni. Kioo kilivunjwa na ndama."

Bado nilikuwa na kipaza sauti. Nilikuwa na hasira naye, lakini iliyonichoma zaidi ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe, na nikaona heri watu wote waisikie.

"Kioo kilikatika chenyewe," nilisema. "Nikakitoa ili tupige picha nzuri. Kile kipya hakijui lolote, kimeanza kazi leo asubuhi. Na mlango wa Rodah haufungiki tangu juzi, aliniambia, nikamtania. Nani mwenye pikapu hapa? Tuanze na nyumba za juu."

"Mogaka, wewe si msemaji wa chama hiki," mwenyekiti alisema. Tabasamu lilikuwa limeisha. "Kaa chini. Hakuna mtu anatoka nyumbani kwake bila tamko."

"Basi toa tamko," Chepkosgei alisema.

"Nitatoa kamati ikikaa."

"Ufa unangoja kamati?"

"Usinifokee mbele ya watu, wewe binti!"

Walikuwa wamekaribiana hivyo, wageni wakitazama viatu vyao, wakati Rodah na Kiplangat walipotokea wakivuka kijito. Hawakuwa wamengoja tamko. Mmoja wa wale wageni aliokwenda nao Chepkosgei alikuwa amewaambia alichokiona juu. Kiplangat alikuwa na godoro kichwani. Rodah alikuwa amebeba jiko na sufuria, na nyuma yao majirani walikuwa wameanza kutoa mbuzi na viti.

Mwenyekiti akatoka nje ya hema kuwazuia, mikono imeinuliwa kama askari wa barabarani.

"Mama, rudisheni vitu. Mnatishwa bure. Tangu chama hiki kianzishwe hakuna mtu hata mmoja amekufa kwenye mteremko huu. Hiyo ndiyo historia yetu."

Rodah aliweka jiko chini, karibu kabisa na viatu vya mwenyekiti.

"Historia yenu ilianza na mama yangu, ako pale chini ya hiyo majani chai. Chama ingine mtatafuta mtu mwingine wa kuanzishia."