Mtori wa Jumamosi

Kosa la Aikaeli halikuwa kudanganya. Nani hajawahi kudanganya ili apate Jumamosi yake? Kosa lake ni kuchagua uongo wa ugonjwa. Angesema ana mtihani, angeombewa. Angesema treni zimegoma, angepewa pole na mambo yakaishia hapo. Lakini msichana wa Machame, aliyekulia mikononi mwa Walutheri, anaandika Ijumaa jioni, "Shikamoo Mama mdogo, tumbo linanisokota, kesho sitaweza kuja," halafu anajifunika shuka na kulala kwa raha zake! Jamani, hakuwajua watu wake?

Tusimseme sana, alikuwa amechoka. Mwaka mzima, kila Jumamosi, alitoka hosteli kwake Whitechapel, London, akapanda treni hadi Croydon kwa Beatha, mdogo wa mama yake, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko walipika, wakasukana nywele, wakatazama kwenye simu harusi za watu wasiowajua, na jioni akarudi na mikebe ya chakula. Wenzake darasani walikwenda Brighton, wakaenda Greenwich, wakarudi na vicheko asivyoelewa vilianzia wapi. Mwishowe wakaacha hata kumwalika, na hapo ndipo palipomuuma.

Kumwambia Beatha ukweli hakuthubutu. Beatha ndiye aliyempokea uwanja wa ndege akiwa na koti mkononi, maana alijua mtoto atashuka na kisweta chepesi. Ndiye mama yake wa huku. Akikasirika huyo akamtupa, London nzima Aikaeli hana mtu.

Basi, Jumamosi hiyo mchana alikuwa Southall na Gakii, Mkenya wa Meru wanayetumia naye jiko hosteli, pamoja na wenzao wawili. Jua lilikuwa limetoka. Mzee Firoz mwenye duka la vitamutamu, mzaliwa wa Nakuru, alipowasikia wakiongea Kiswahili akawaongezea jalebi za moto juu ya walizoagiza, na hadithi za Nakuru juu yake. Aikaeli alicheka mpaka shira ya jalebi ikamchuruzikia kwenye mkono wa koti. Raha iliyoje! Simu ikalia.

"Mwanangu," sauti ya Beatha, na nyuma yake mngurumo wa treni, "nimeshapita Norwood Junction. Nimekuletea mtori. Usiinuke kitandani, wa mapokezi watanifungulia."

Mtori! Ndizi zilizopondwa na nyama, chakula ambacho kwao Kilimanjaro mgonjwa hukilishwa kwa kijiko. Aikaeli akakata simu, akamweleza Gakii.

"Si ungesema tu uko na mtihani?" Gakii akamaka. "Unaambiaje Mtanzania uko mgonjwa? Hao hukuja na sufuria!"

"Twende," Aikaeli akasema, na wakaondoka mbio wao wawili.

Treni ya kurudi, kama iliyotumwa, ikasimama dakika sita kabla ya Paddington bila maelezo. Aikaeli alihesabu vituo vya Beatha kwa vidole: sasa yuko Forest Hill, sasa yuko New Cross Gate, sasa ameshafika, basi tena, nimekwisha. Waliposhuka Whitechapel walikimbia kama wezi.

Na kweli, Beatha alikuwa ameshafika. Alikuwa kwenye kiti cha mapokezi, sufuria imefungwa kwa kitenge na kupakatwa mapajani, na yeye mwenyewe amelala fofofo, mdomo wazi.

Gakii akamshika mkono. "Pita pole pole," akanong'ona. "Vaa nguo za kulala. Mimi nitamwamsha baada ya dakika tano. Hatajua kitu."

Njia ilikuwa nyeupe. Aikaeli akanyata hatua tatu, kisha akaona chini ya koti la Beatha sare ya kazi, bado ina beji ya jina. Huyu alitoka shifti ya usiku. Na mtori hauivi kwa dakika kumi, nyama peke yake inataka zaidi ya saa. Hakuvua hata sare. Akarudi, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama mdogo."

Beatha akashtuka, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye paji la uso la mgonjwa. "Mbona umeshuka? Umetapika?"

"Siumwi, Mama mdogo. Nilikudanganya. Nilikuwa Southall na wenzangu, tunakula jalebi. Nisamehe."

Beatha akauondoa mkono pajini. "Nimesali tangu West Croydon mpaka hapa," akasema. "Na kwangu? Ulikuwa hupendi kuja?"

"Napenda! Lakini kila Jumamosi… Nilidhani nisipokuja utakuwa mpweke."

"Mpweke? Mimi?" Beatha akakaa wima. "Aikaeli, Ijumaa usiku mimi niko kazini. Narudi asubuhi miguu imevimba, saa nne wewe uko mlangoni. Dada alinipigia ulipokuja: 'Beatha, mwanangu asikae peke yake wikiendi hata moja.' Nikamwahidi. Mwaka mzima, mwanangu, sijalala Jumamosi!"

Wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa Gakii, na alipoanza yeye hakuna aliyeweza kujizuia. Beatha alicheka huku akifuta machozi kwa kitenge cha sufuria, akampiga Aikaeli kofi la begani, la mapenzi lakini lenye uzito wake. Wakakubaliana: Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, basi. "Ila ukisingizia ugonjwa tena," akasema, "nitakuja na kwaya nzima." Aikaeli alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa gunia kichwani.

Juu chumbani, ilimbidi amalize bakuli zima la mtori juu ya jalebi zote zile. Alipogeuka kushukuru, Beatha alikuwa ameshalala kitandani kwake, na viatu miguuni. Akamvua taratibu.

Simu ikatetemeka. Mama, kutoka Machame.

"Beatha kaniambia unaumwa, nampigia hapokei! Mgonjwa yukoje?"

"Shikamoo Mama. Mimi mzima kabisa," Aikaeli akanong'ona, akitoka nje na kuufunga mlango nyuma yake. "Mama mdogo amelala. Usimpigie tafadhali. Leo ni Jumamosi yake."