Kituo cha Mwisho cha Mto

Mto wetu unaingia Katesh ukiwa maji na unatoka ukiwa supu. Nina haki ya kusema hivyo, maana kupima uchafu huo ndiyo kazi yangu. Sabuni ya waosha pikipiki, damu na kinyesi cha machinjioni, mbolea ya bustani za mboga, vyote vinateremka pamoja. Kule tambarare mwani unanenepa, maji yanageuka kijani, na ng'ombe wanayanusa tu na kugeuza shingo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa njia ya Dirma, chini ya boma la Mama Gidabuday, mama wa Kibarbaig. Wanawe walifuata malisho mbali wakamwachia mbuzi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maji ya kupima yalitakiwa kuchotwa alfajiri, kabla mifugo haijayavuruga, kwa hiyo nilikuwa namwachia chupa, anachota, nami nafika baadaye kuichukua. Nilimkuta mlangoni kila mara, maziwa yako tayari. Tulikaa. Hatukuongea sana.

Tangu tope la Mlima Hanang liondoke na mume wangu Idrisa na nyumba yetu ya Jorodom, hakukuwa na mtu mwingine aliyeningoja mahali popote. Nasema bila kuficha: niliishi kwa ajili ya kituo kile.

Kisha majibu ya maabara yakaja. Fosfati, ile chumvi ya sabuni na mbolea inayonenepesha mwani, kwa Mama Gidabuday ilishinda hata ya chini ya machinjio. Bosi wangu, Bonaventura, akaniuliza kama huko porini kumejengwa kiwanda. Nikapanda pikipiki ya kazi, nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Farida."

"Hii chupa unaifanyaje kabla ya kuchota?"

Uso wake ukachangamka. "Naosha na majivu, kama kibuyu cha maziwa. Ilikuwa inanuka dawa. Chombo cha mgeni hakiachwi hivyo."

Majivu! Majivu yenyewe yana fosfati tele. Damu ikanichemka.

"Nani alikutuma? Umeniharibia kazi yote! Hii nyingine usiioshe, usiiguse kabisa. Nitakuja kuchota mwenyewe!"

Nikamtupia chupa mpya, nikaondoka bila kuonja maziwa yake.

Hasira hasara. Bonaventura alisema kituo kile hakiaminiki tena, akakifuta. Vipimo sasa vingeishia darajani, mjini. Sikuwa na sababu ya kurudi Dirma, na aibu ilinizuia kuitafuta. Mvua zikaja, zikaisha. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, na bado ulibaki.

Jumapili moja nikashindwa kuvumilia. Nikakodi bodaboda.

Alikuwa amekaa pale pale mlangoni. Chupa yangu ilining'inia kwenye mwiba wa ua, vumbi tupu, buibui ametanda mdomoni. Ndani vibuyu vyake vilikuwa safi vyote, kama kawaida yake.

"Tangu niitundike sijaigusa," akasema kabla sijamwamkia. "Majirani wananicheka, mama gani anatundika chombo kichafu. Lakini nilisema, Farida akikuta nimeosha, hatarudi."

Nikaitungua ile chupa, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Ioshe. Kwa majivu. Leo sichukui maji, nimekuja kuomba maziwa."