Kelele Chini ya Kitenge

Mukantwari alipokata kona ya kwake na kuona mabenchi yamepangwa uani, alijua amekwisha.

Kikao cha wazazi jioni ile kilikuwa kifanyike kwa jirani yake Kankindi. Basi Kankindi kafiwa na shangazi yake, na Mudugudu, mkuu wa kitongoji, ni mtu asiyejua kuahirisha jambo. Alichosema ni kwamba twendeni kwa Mama Ihirwe, ndiyo nyumba ya mfano, naye hana neno. Hakuna aliyemwuliza Mukantwari mwenyewe. Nyumba ya mfano ina mzigo huo, watu huingia kama kwao.

Chini ya kitenge, kuanzia kwapani hadi mapajani, Mukantwari alikuwa amejizungushia mifuko ya plastiki, ile ile iliyopigwa marufuku nchi nzima, tabaka juu ya tabaka, akaikaza kwa mipira ya baiskeli. Alitoka nayo Goma, nchi jirani, alikopeleka kabichi. Alipita nayo mpakani mbele ya macho ya askari, kapu tupu kichwani, akitembea kwa madaha. Siku zote huingia ndani, akafunga mlango na kuivua kabla wanawe hawajarudi shuleni. Leo Ihirwe alikuwa amesharudi, amesimama katikati ya uwanja na sweta lake la shule, anawaonyesha wageni pa kukaa.

"Huyo anakuja!" Daforoza alipiga kelele. Huyu Daforoza jirani jicho lake halilali. "Loo, Mama Ihirwe, Goma inakupenda mwenzetu! Nyonga hizo umezitoa wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Viazi tu, dada yangu," Mukantwari akasema. "Nipisheni kidogo nibadilishe nguo, nimeloa jasho."

"Kaa, mama, kaa," Mudugudu alisema huku akipigapiga benchi kwa kiganja. "Jasho tumelizoea. Tumekungoja sana, na mvua hiyo inakuja."

Akakaa. Mifuko ikalia. Akakohoa haraka kuifunika, akakohoa tena, mtu mmoja akampa pole ya kifua.

Ajenda ilikuwa moja: namna ya kuwafunza watoto nyumbani watunze mazingira. Na nani aseme, kama si Ihirwe? Kibinti cha miaka tisa, sauti kali kama ya karani wa mahakama. Akawatembeza wageni kwa kidole. Shimo la maganda lile pale, mbolea yake inakwenda kwenye mchicha. Pipa la maji ya mvua hili hapa. Maharagwe ya sokoni yanafungwa kwa majani ya mgomba, na kuni mbili haziingii jikoni kama moja inatosha.

"Na wewe mzee," akamgeukia Mudugudu, "juzi ulitupa betri ya redio mtaroni. Nilikuona."

Uwanja mzima ukacheka, Mudugudu mwenyewe akainua mikono juu akiomba radhi. Mukantwari naye alicheka, kisha akajuta, maana kila alipotikisika, mgongo uliongea.

Yote hayo alimfundisha yeye, tena kwa moyo. Utotoni alimwona ng'ombe wa baba yake akifa taratibu kwa siku kadhaa. Walipompasua, tumbo lilikuwa limejaa mifuko. Aliichukia tangu siku hiyo, na hadi leo anaichukia. Lakini mumewe alivuka kwenda Kampala akanyamaza, na kabichi peke yake hailishi watu watatu. Alianza na mifuko michache, akajiambia ni mara moja tu. Sasa wauza nyama wanaoinunua wanamngoja yeye, na akikosa wiki moja wanatuma mtu mlangoni.

Joto lilizidi. Jasho likalegeza mpira wa mgongoni, akasikia tabaka moja linateleza kuelekea kiunoni. Akabana mikono ubavuni, akapumua kidogokidogo. Angeinuka, wangemtazama. Angebaki, ingedondoka.

Ihirwe alimaliza, akapigiwa makofi, akaja mbio na kumwegemea mama yake mgongoni kwa furaha, kama afanyavyo kila siku.

Mifuko ikalia kwa nguvu.

Mtoto akakauka. Sauti ile aliijua kuliko mtu yeyote pale. Mukantwari alisikia vidole vidogo vikipapasa juu ya kitenge, polepole, vikashuka hadi kiunoni, vikasimama. Hakuthubutu kugeuka.

"Ngojeni," Mudugudu alisema. "Kuna kitu kinalia hapa."

"Hata mimi nasikia!" Daforoza akadakia, shingo mbele. "Tangu akae huyu. Mama Ihirwe, hebu simama."

Mukantwari hakusimama. Lango lilikuwa nyuma ya watu wote wale. Wakimchukua leo, Ihirwe na mdogo wake watalala kwa nani? Nyuma yake akasikia mfuko mmoja ukichomolewa kiunoni.

"Ni mimi," Ihirwe akasema.

Alijitokeza na mfuko mmoja mweusi mkononi. "Niliuokota njiani nikauficha ndani ya sweta. Ndio unaolia. Mama hajui."

Vichwa vyote vikamgeukia mtoto.

"Wewe?" Mudugudu aliuliza, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Ihirwe, wewe?"

"Nyumba ya mfano hiyo!" Daforoza akasema.

"Mama," Mudugudu akamgeukia Mukantwari, "sema na mwanao. Hapa hapa, sote tusikie. Ndivyo tulivyokubaliana kwa watoto wote, na huyu hawezi kuachwa."

Neno moja la kweli lingemtoa mtoto wake pale katikati. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti ya mama mkali.

"Nilikufundisha nini mimi? Hukusikia mfuko mmoja unaua ng'ombe? Hukusikia unaziba mitaro, mvua ikaingia majumbani mwa watu? Huna haya?"

Kila neno lilikuwa la kweli. Alitamani ardhi immeze. Ihirwe aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka, akaomba radhi kwa wote kama watoto wanavyofunzwa, kisha akampa Mudugudu ule mfuko kwa mikono miwili. Mzee akautia mfukoni. Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati, na watu wakatawanyika na mabenchi yao.

Ndani, mlango ukiwa na komeo, Mukantwari alivua kitenge na kufungua mipira. Mifuko ikamwagika sakafuni. Alingoja swali. Alingoja kilio, hata tusi angelipokea.

Ihirwe alichuchumaa, akaanza kuokota mmoja mmoja, akiunyoosha pajani na kuukunja mara nne, kwa utaratibu ule ule anaokunjia majani ya mgomba.

"Mwanangu," Mukantwari akaanza.

"Huku nyuma unafunga vibaya, mama," Ihirwe akasema bila kuinua macho. "Panatokeza. Kesho ukiipeleka sokoni, nitakufunga mimi kabla sijaenda shule."

Akasimama na mpira wa baiskeli mkononi.

"Inua mikono nikuonyeshe."

Mukantwari akainua mikono.